Njia Hii Inaishia Wapi? Hotuba kwa Wazazi na Vijana wa Columbus, Ohio, kuhusu Vyuo vya Jamii

Wengi mlikuwa zamu Jumamosi ile, mkaniomba niiweke hotuba yote hapa mwisome kwa nafasi yenu. Ni hii, kama nilivyoisema ukumbini.

Asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Mama zetu, poleni na kazi za wiki. Vijana, hamjambo? Haya, asanteni.

Nimeitwa nizungumze juu ya chuo cha jamii, au kamyuniti koleji kama tunavyosema wenyewe tukiwa nyumbani, yaani chuo cha miaka miwili kilicho wazi kwa kila mtu. Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa vyuo hivi, na mimi mwenyewe nilisomea huko, kwa hiyo nitakayoyasema nimeyaona kwa macho.

Nianze na swali. Mtoto wako akikwambia amepata nafasi chuo kikuu cha Ohio State, ni wangapi hapa watapiga simu usiku huohuo, Bukavu, Mombasa, Kigoma, kuwatangazia ndugu? Nyosheni mikono. Naam, ukumbi mzima. Sasa akikwambia anaanza Columbus State, chuo chetu cha jamii, ni wangapi watapiga simu? Mnaona? Mikono imeshuka.

Wazazi wangu, hapo ndipo tunapowaumiza watoto wetu. Mtoto anaingia chuo akiwa ameshaambiwa na nyumba nzima kwamba hicho ni chuo cha walioshindwa. Akishaamini hivyo, hakichagui. Anakaa humo tu akisubiri bahati. Na chuo cha jamii ndicho chuo kisichofaa kabisa kwa mtu anayesubiri bahati.

Hebu tuseme ukweli kuhusu vyuo hivi. Cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, kikiwa na wanafunzi sita. Waliokianzisha ni J. Stanley Brown, aliyesimamia shule ya sekondari ya mji ule, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Shabaha yao ilikuwa mtoto asiyeweza kuhama kwao asome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu palepale nyumbani, kisha ahamie chuo kikuu kumalizia. Ilipokwisha vita kuu ya pili, askari walirudi wakiwa na sheria ya 1944 inayowalipia masomo, na mwaka 1947 tume ya Rais Truman ikapendekeza vyuo hivi vienezwe nchi nzima. Leo viko takribani elfu moja. Havikujengwa kwa ajili ya walioshindwa. Vilijengwa kwa ajili ya watu kama sisi: wenye kazi, wenye watoto, wasio na mali ya urithi.

Na bei? Ada ya mwaka mzima, kwa wastani wa nchi, ni takribani dola 4,000. Chuo kikuu cha umma, kwa mkazi wa jimbo, ni zaidi ya dola 11,000. Kuna pia ruzuku ya Pell kwa wenye kipato kidogo, ambayo kiwango chake cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka. Hapa nataka nisikilizwe vizuri, hasa na wazee wanaochelea riba. Pell si mkopo. Hailipwi, haina riba, haina mdhamini. Mwenye kadi ya kijani anaomba, mkimbizi anaomba, aliyepewa hifadhi anaomba. Unajaza fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, iitwayo FAFSA, na fomu yenyewe haina malipo; mtu akikudai hela ya kuijaza, ondoka. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hapati Pell, huyo tutazungumza naye pembeni.

Basi ada si ukuta. Ukuta uko wapi?

Kati ya wanafunzi 100 wanaoanza chuo cha jamii, karibu 80 husema wanataka kufika shahada ya miaka minne. Wanaohamia chuo kikuu ni kama theluthi moja. Wanaoipata shahada hiyo ndani ya miaka sita ni takribani 16. Kumi na sita! Wale wengine wamepotelea wapi? Ni wavivu? Mimi nakaa nao mezani kila siku, si wavivu. Wengi wao walipotea wiki ya kwanza, siku ya kujiandikisha, na hawakujua kwamba wamepotea.

Chuo cha jamii kinaupangia mtu mwelekeo wa kazi tangu siku anayoingia, hata asipokusudia. Ndani ya jengo moja kuna njia inayoishia chuo kikuu, kuna inayoishia kwenye ufundi wenye mshahara mzuri, na kuna isiyoishia popote, na zote zinaanzia kwenye dirisha lilelile la usajili. Kwa hiyo nataka kila mmoja wenu aondoke hapa na swali moja la kuuliza kabla hajasaini kitu: njia hii inaishia wapi?

Kuna kijana mmoja, mtoto wa watu wetu, nitalihifadhi jina lake. Alitaka kuwa mhandisi. Akajiandikisha chuo kimoja, akaonyeshwa kozi ya miaka miwili ya mitandao ya kompyuta. Akafurahi, akasoma kwa bidii, akamaliza na alama nzuri. Akapeleka matokeo yake chuo kikuu ili aendelee. Akajibiwa kwamba sehemu kubwa ya krediti zake, yaani hesabu ya kozi alizofaulu, hazihesabiki kwenye uhandisi. Hisabati aliyosoma siyo wanayoitaka, fizikia hakuisoma kabisa. Miaka miwili imekwenda, na Pell yake ina kikomo, haitoki milele.

Kosa lake lilikuwa nini? Hakuna. Hakuna aliyemwambia kwamba shahada za miaka miwili ziko za namna mbili. Kuna AA na AS, zilizopangwa kwa mtu anayeelekea chuo kikuu. Na kuna AAS, iliyopangwa kwa mtu anayekwenda moja kwa moja kazini. Zote ni nzuri. Fundi wa mitandao mwenye AAS anaweza kumzidi mshahara mwenye shahada ya miaka minne, nimeshaona. Lakini ukipanda basi la Cleveland huku unakwenda Cincinnati, bidii yako ya kukaa kwenye kiti haitakufikisha.

Msidhani ni kisa cha mtu mmoja. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi wanaohama chuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu! Hizo ni ada, ni nauli, ni usiku wa kukesha. Sisi wa Ohio tuna kinga ambayo wengi wetu hatuijui: kuna fungu la kozi za msingi liitwalo Ohio Transfer 36, krediti 36 ambazo kila chuo cha umma cha jimbo hili kinalazimika kuzipokea. Columbus State ina pia makubaliano na vyuo vikuu, Ohio State ikiwemo, ya kumpokea mwanafunzi aliyetimiza masharti. Kijana, ukikaa mbele ya mshauri mwambie: nataka kuhamia chuo fulani, fani fulani, nionyeshe kwa maandishi krediti zipi zinakubalika. Kwa maandishi. Maneno ya mdomoni hayahamishi krediti.

Kisa cha pili ni cha dada mmoja Mkongo, aliyekulia Nyarugusu. Mnajua kambi ile ya wakimbizi iko Tanzania, lakini watoto wa Kikongo walisoma mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Huyu dada alikuwa mzuri sana wa hesabu. Alipofika chuo kimoja, si hiki ninachokitaja leo, akakalishwa kwenye kompyuta afanye mtihani wa kupimwa. Maswali ya hesabu yalikuwa ya maelezo, kwa Kiingereza kirefu: mtu anaendesha gari, mwingine anamfuata, bei imepunguzwa, nani anadaiwa nini. Akafeli. Akapangiwa kozi za maandalizi, ngazi ya chini kabisa. Hizo unazilipia, au zinakula Pell yako, na hazihesabiki kwenye shahada.

Alinijia na karatasi yake. Nikampa mlinganyo wa kipeo cha pili, bila maneno, namba tupu. Akautatua ule mlinganyo nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, mkono hautulii, akiandika moja yake yenye kofia na saba yake yenye mstari katikati, na pale Wamarekani wanapoweka nukta ya desimali yeye akaweka mkato, kama alivyofundishwa. Jibu sahihi. Nikampa mwingine. Sahihi. Jamani, huyu ni mtu wa kurudishwa kujifunza sehemu? Hesabu anazijua. Kilichopimwa siku ile kilikuwa Kiingereza chake, na hukumu ikapelekwa kwenye hesabu zake.

Sasa angalieni hukumu hiyo ilivyokuwa inampangia kazi. Kozi za maandalizi mihula miwili au mitatu. Katikati anachoka, au mtoto anaugua, au zamu inabadilika. Anaacha. Anabaki ghalani akipanga maboksi, na maisha yake yote atasema, "Nilijaribu chuo, hesabu zikanishinda." Hesabu hazikumshinda!

Mwaka 1960 mwanasosholojia mmoja, Burton Clark, alichapisha uchunguzi alioufanya katika chuo cha namna hii kule San José, California. Alionyesha jinsi mwanafunzi mwenye ndoto kubwa anavyopozwa polepole: mtihani wa kupimwa, kozi za maandalizi, mazungumzo na mshauri, mpaka anaamini yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kushusha lengo. Hafukuzwi na mtu. Anatulizwa. Zaidi ya miaka sitini imepita na bado naiona hali hiyo, ingawa mambo yanabadilika. California ilipitisha sheria mwaka 2017 vyuo vyake viangalie alama za sekondari kabla ya kumrudisha mtu nyuma, na sehemu nyingi sasa mwanafunzi huingia kozi halisi ya chuo huku akipewa msaada wa ziada pembeni. Kwa hiyo ukipangiwa maandalizi, usikubali kwa adabu ya wageni. Uliza kama kuna njia nyingine ya kupimwa. Leta matokeo yako ya shule. Uliza kama unaweza kusoma kozi halisi pamoja na msaada. Na yule dada? Alikata rufaa, akaruhusiwa kusoma takwimu, akafaulu.

Nakuja kwenye uuguzi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nikitazama ukumbi huu naona sare za kazi chini ya makoti. Nusu yenu mmetoka nyumba za wazee asubuhi hii.

Mama zangu, dada zangu, kazi ya msaidizi wa muuguzi ni ya heshima. Asiwepo mtu wa kuidharau mbele yangu. Saa 75 za mafunzo, mtihani wa jimbo, na unaanza kazi. Imelipa kodi za nyumba, imejenga nyumba Kisumu na Uvira, imesomesha wadogo zetu. Lakini nawauliza, wangapi mlisema mtaifanya mwaka mmoja tu, kisha mrudi shule?

Ukimya huo naujua.

Ovataimu ina nguvu. Meneja anapiga simu: njoo Jumapili, nalipa mara moja na nusu. Anatomia haikupigii simu. Anatomia haikulipi chochote mwezi huu. Na hivyo mwaka unakuwa mitano, mgongo unaanza kuuma kwa kunyanyua wagonjwa, na bado uko palepale.

Sikilizeni jinsi njia hii ilivyo. Mbele ya msaidizi kuna LPN, muuguzi mwenye leseni wa ngazi ya chini ya RN, kama mwaka mmoja. Kuna muuguzi kamili, RN, ambaye anaweza kusoma shahada ya miaka miwili katika chuo cha jamii, ukiongeza muda wa kozi za awali. Aliyesoma miaka miwili na aliyesoma miaka minne wanakaa mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN. Mtihani mmoja! Ukiupita, leseni ni ileile, na shahada ya miaka minne unaweza kuimalizia ukiwa kazini, kwa mtandao, na mara nyingine mwajiri anachangia ada. Hakuna njia nyingine katika nchi hii ninayoijua ambayo mtu anaingia akiwa anabadilisha mashuka na kutoka akiwa msimamizi wa wodi, bila kuhama mji.

Ila kuna jambo halisemwi wazi. Mlango wa chuo uko wazi kwa kila mtu. Mlango wa uuguzi una foleni. Nafasi ni chache, na wanachagua kwa alama za kozi za awali: anatomia, kemia, Kiingereza. Ukiwahi kuzisoma hizo ukiwa unafanya zamu mbili kwa siku, ukapata C, umejifungia. Nimeona watu wazuri wakijifungia hivyo. Heri uchukue kozi moja kwa muhula, upate A, kuliko tatu zikuharibie.

Kuna mama mmoja wa hapahapa, amenipa ruhusa ya kumtaja bila jina. Alikuwa na watoto watatu na zamu ya usiku. Alisoma anatomia kozi moja tu, muhula mzima. Mlango wa friji yake ulijaa vikaratasi vya njano, majina ya mifupa, na kila aliyetaka maziwa alitakiwa kwanza ataje mmoja. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa anagusa bega lake na kusema "klavikula" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama yule leo ni RN. Yupo hapa. Mama, simama uonekane. Hao wanaokupigia makofi wapigie simu ndugu zao usiku wa leo, watangaze!

Nigusie vijana wa ufundi kidogo. Januari 2022 kampuni ya Intel walitangaza kujenga viwanda vya chipu za kompyuta New Albany, hapo jirani, na vyuo vya jamii vya Ohio vikaanza kuandaa kozi za mafundi. Wengi mlinijia mnataka "kozi ya Intel". Mwaka 2025 kampuni ikasema kiwanda cha kwanza hakitakamilika kabla ya 2030. Je, waliosoma wamepoteza? Aliyesoma umeme, elektroniki na ufundi wa mashine zinazojiendesha hajapoteza, maana Honda wapo Marysville, maghala yana mashine, hospitali zina mashine. Aliyesoma akilenga jina la kampuni moja ndiye anayesubiri. Someni ujuzi unaohama nanyi.

Sasa niseme na sisi sote kama jumuiya, kwa sababu nisingependa mzigo wote umwangukie kijana.

Mwaka 2007 vyuo vya jiji la New York vilianzisha mpango unaoitwa ASAP. Mwanafunzi anasoma muda wote, anapewa mshauri mmoja anayemjua kwa jina na lazima waonane mara kwa mara, analipiwa pengo la ada, anasaidiwa vitabu, anapewa kadi ya usafiri. Watafiti wakawalinganisha na wenzao wasio kwenye mpango. Baada ya miaka mitatu, waliohitimu kwenye mpango walikuwa asilimia 40, wenzao 22. Ukaletwa hapa Ohio, kwenye vyuo vitatu, Cleveland, Cincinnati na Lorain, na hapa pia waliohitimu wakakaribia kuwa mara mbili ya wenzao. Wanafunzi walikuwa haohao, maskini haohao. Kilichobadilika ni nauli, vitabu, na mtu mmoja wa kuuliza, "Umefikia wapi?"

Ndugu zangu, nauli, vitabu na mtu wa kuuliza. Sisi tunashindwa nini hapo? Mwenzetu akifiwa, ndani ya wiki moja tumechanga maelfu ya dola mwili ufike nyumbani. Na tuendelee, ni utu wetu. Harusi tunachanga, kamati zinakaa, daftari linazunguka. Lini tuliwahi kukaa kamati ya kumnunulia mtu kitabu cha anatomia? Lini tulimwambia mama mwenye mtihani, lete watoto kwangu Alhamisi jioni, nenda kasome? Naomba viongozi wa vyama mliopo hapa, wa kanisa na wa msikiti, mlipeleke jambo hili kwenye kikao chenu kijacho. Mfuko mmoja, wa vitabu na nauli. Na kwa kila anayeanza chuo, mtu mzima mmoja wa kumpigia simu kila mwezi.

Kabla hatujatawanyika, wazazi wenye watoto wa darasa la saba hadi la kumi na mbili, msiondoke. Tangu 2015 Ohio ina mpango wa College Credit Plus: mtoto akiwa bado sekondari anasoma kozi za chuo, krediti anazipata, na katika chuo cha umma mzazi halipi ada wala vitabu. Kuna tarehe za mwisho za kutoa taarifa, kwa hiyo muulizeni mshauri wa shule wiki hii, msingoje. Na tangu 2022 kuna Columbus Promise kwa wahitimu wa shule za umma za jiji, wanaosoma Columbus State bila kulipa ada. Mwaka wenu una masharti gani, ulizeni palepale shuleni.

Meza ya FAFSA iko pale karibu na dirisha, njoo na nambari yako ya hifadhi ya jamii na taarifa za kodi. Meza ya uuguzi iko mlangoni, akina dada wawili RN watakaa hapo mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwenye vyeti vya Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania aje kwangu mimi, avilete kama vilivyo. Hata vya Kifaransa, kuna mwenzetu hapa wa kuvisoma.

Asanteni sana.